Pengo Jembamba Kuliko Unywele

Hapo zamani za treni za mvuke, wahandisi wa Uingereza walikuwa na fumbo lililowakosesha usingizi. Ekseli ya behewa ilizunguka mchana kutwa chini ya mzigo wa tani kadhaa, na mzigo huo wote uliikalia kupitia kipande cha shaba, yaani beringi yake. Chuma kikisuguana na shaba hupata moto na kulika, kwa hiyo mafundi walitia mafuta. Kwamba mafuta yanasaidia, kila mtu alijua. Yanasaidiaje mle ndani, hakuna aliyeweza kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mhandisi Beauchamp Tower alikabidhiwa uchunguzi huo na chama cha wahandisi mitambo cha nchi yake. Akaunda mtambo wa majaribio: ekseli inazunguka, upande wake wa chini umezama katika mafuta, na juu yake imewekwa shaba yenye mzigo. Siku moja akatoboa tundu katikati ya ile shaba ili atie mafuta kwa juu, kama mafundi walivyozoea. Ekseli ikaanza kuzunguka. Mafuta hayakuingia, yalitoka! Yalipanda tunduni yakamwagika nje. Tower akaziba kwa kizibo cha chupa, kizibo kikasukumwa polepole mpaka kikachomoka. Akagongelea kigingi cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akafunga geji. Mshale ukapanda ukavuka paundi 200 kwa kila inchi ya mraba, yaani zaidi ya mara 6 ya upepo ulio katika tairi la gari dogo.

Siri ikafichuka. Shaba na ekseli hazikuwa zinagusana hata kidogo. Kati yake ulikuwapo utando mwembamba wa mafuta uliobeba mzigo wote, na nguvu zake utando ule ulizipata kutokana na mzunguko wenyewe. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, aliandika mlinganyo unaoeleza jambo hilo kwa hesabu. Wahandisi wa leo bado wanautumia.

Utando unavyobeba mzigo

Ekseli yenye mzigo haikai katikati kabisa ya nyumba yake. Husogea kidogo upande mmoja, na nafasi inayoizunguka huwa pana huku, nyembamba kule. Ekseli inapozunguka hukokota mafuta kutoka penye upana kuyapeleka penye wembamba. Wazia umati unaotoka uwanjani baada ya mechi, ukipita kwenye njia inayozidi kubana. Walio nyuma wanazidi kuja, walio mbele hawana pa kupita haraka, msongamano unapanda, na kuta za pembeni ndizo zinazosukumwa. Mafuta nayo yakifika kwenye mbano husukuma kuta zake: moja ni shaba, nyingine ni ekseli. Ndiyo maana hazigusani.

Sasa jiulize: katika maelezo hayo, kuna mahali palipohitaji kwamba kinachokokotwa kiwe mafuta?

Chuma kilichokataa kusimama

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, huko New Hampshire, Marekani, mwalimu wa uhandisi Albert Kingsbury alikuwa akiunda kifaa cha kupima msuguano. Ndani yake mlikuwa na pistoni ya chuma iliyochongwa ikaingia kwenye silinda yake kwa kubana sana. Akaisafisha, akaitia kavu, bila tone la mafuta, kisha akaizungusha kwa mkono. Chuma kikavu ndani ya chuma kikavu kingetakiwa kukwaruza na kusimama palepale. Chuma hiki kilizunguka, kikaendelea kuzunguka, kimya kimya, kana kwamba hakikumbuki kuacha.

Kingsbury hakuupuuza muujiza huo. Alitengeneza mashine maalumu yenye kipande cha chuma kinene cha inchi 6, chenye uzito wa takriban kilo 23, akatoboa vitundu ukutani mwa silinda ili apime mgandamizo wa hewa humo. Vipimo vilionyesha umbo lilelile lililotokea kwa mafuta: mgandamizo unapanda kuelekea kwenye mbano, kisha unashuka. Kilichobeba kilo zile zote ni hewa ya kawaida, hii unayoivuta sasa hivi. Mwaka 1897 alichapisha matokeo yake katika jarida la wahandisi wa jeshi la majini la Marekani. Beringi ya hewa ikawa imepata vipimo vyake vya kwanza vya kuaminika.

Sifa na upungufu wa hewa

Tuanze na sifa. Kila kimiminika na kila gesi ina mnato, yaani ukaidi wake wa kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mdogo. Mnato wa oili nyepesi ya mashine huuzidi wa hewa kwa zaidi ya mara 1,000. Kwa hiyo shafti, yaani mhimili wa mashine unaozunguka, ikielea juu ya hewa hupata msuguano kidogo mno, na inaweza kuzunguka kwa kasi ambayo ingeichemsha oili. Tena oili ikipata moto huwa nyepesi na kudhoofika, ilhali hewa ikipata moto mnato wake huongezeka. Ukiipasha kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi, unaongezeka kwa karibu asilimia 20. Hewa pia haichafui. Haidondoki kwenye chakula, dawa wala kitambaa, na haihitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

Upungufu wake nao unatokana na wepesi uleule. Kitu chepesi hukokoteka kidogo na hukimbia upesi. Ili hewa ibebe mzigo, lazima uibane kwenye pengo dogo sana, au uzungushe shafti kwa kasi kubwa sana, au vyote viwili.

Ni dogo kiasi gani? Beringi nyingi za hewa hufanya kazi zikiwa na pengo la mikromita 5 hadi 10. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Pengo la beringi ni kama unywele uliopasuliwa kwa urefu mara kumi, ukachukua ujiti mmoja tu.

Wahandisi wana njia mbili za kuijaza hewa humo. Ya kwanza ni ile ya Kingsbury: shafti inajikokotea hewa yenyewe. Haihitaji pampu, lakini wakati wa kuanza na wakati wa kusimama hakuna kasi, kwa hiyo chuma hugusa chuma na kulika kidogo kila mara. Ya pili ni kuleta hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye kompresa na kuipuliza ndani ya pengo kupitia vitundu. Hapo shafti huelea hata ikiwa imesimama. Mashine zinazopima usahihi wa vipuri vya magari na ndege huteleza hivyo juu ya meza za graniti, bila mkwaruzo wowote.

Kitundu chenye akili

Huenda ukadhani kwamba katika njia ya pili kitundu kikubwa ni bora, maana hewa nyingi itaingia. Tufuate hewa yenyewe tuone.

Tuseme hewa inapita kwenye kitundu chembamba, cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita, kabla ya kuingia kwenye pengo. Inapojipenyeza hapo hupoteza sehemu ya mgandamizo wake. Sasa mzigo ukiongezeka ghafla, shafti inashuka na pengo linabana. Hewa haiwezi kutoka kwa urahisi, kwa hiyo inayopita kwenye kitundu nayo inapungua. Ikipita kidogo, inapoteza kidogo. Hivyo mgandamizo ndani ya pengo unapanda wenyewe na kuisukuma shafti irudi mahali pake. Mzigo ukipungua, kinyume chake kinatokea. Hakuna kompyuta, hakuna kihisi, hakuna mtu anayefungua bomba, na bado beringi inajirekebisha.

Kitundu kikiwa kikubwa mno, hewa haipotezi kitu, na mgandamizo wa pengoni unabaki uleule shafti ishuke au ipande. Beringi inakuwa legevu. Kikiwa kidogo mno, hewa inaishia njiani na hakuna cha kubebea. Penye uimara mkubwa ni katikati: pale ambapo mgandamizo unaofika pengoni ni nusu ya ule wa kompresa au zaidi kidogo. Kuitafuta katikati hiyo ndiyo kazi inayoitwa usanifu bora.

Biashara ya pengo

Katika beringi ya hewa karibu kila kitu hununuliwa kwa pengo, na kila ununuzi una gharama yake.

Punguza pengo kwa nusu, na hewa inayovuja inapungua hadi sehemu moja ya nane. Si nusu, bali moja ya nane, kwa sababu mtiririko hufuata pengo likizidishwa kwa lenyewe mara tatu. Kompresa inapumzika, umeme unaokolewa, na beringi inakuwa imara zaidi. Faida tupu!

Ngoja kwanza. Pengo likipungua kwa nusu, msuguano wa hewa kwenye uso wa shafti unaongezeka maradufu. Kama shafti inakwenda kasi, huo ni moto. Na moto hutanua chuma. Chukua shafti ya chuma cha pua ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 50. Ikipata joto la nyuzi 10 kuzidi nyumba yake, kipenyo chake kinakua kwa takriban mikromita 6, yaani 3 kila upande. Kama ulikuwa umeliacha pengo la mikromita 5, sasa umebaki na 2. Chembe moja ya vumbi ikiingia hapo, habari yako imekwisha.

Tena pengo dogo linadai uso uliochongwa kwa usahihi zaidi. Huwezi kuwa na pengo la mikromita 5 kwenye uso wenye vilima vya mikromita 4. Kila hatua ya usahihi inaongeza saa kiwandani na bei dukani. Kwa hiyo mhandisi haulizi tu, “Pengo dogo kuliko yote ni lipi?” Anauliza, “Ni pengo gani linalonipa uimara ninaouhitaji, kwa hewa ninayoweza kuilipia, kwa joto ninaloweza kulivumilia, na kwa uchongaji ambao fundi wangu anauweza?” Hayo ni maswali manne yanayovutana, na jibu ni moja tu.

Magonjwa mawili ya beringi ya hewa

Hata ukipata jibu kwenye karatasi, bado kuna magonjwa mawili ya kuyachunga.

La kwanza huitwa nyundo ya hewa. Mafuta hayashindiliki, hewa inashindilika. Msanifu akichimba kijishimo kikubwa chini ya kitundu ili hewa isambae vizuri, kijishimo hicho kinageuka ghala. Shafti ikishuka, ghala linachukua muda kujaa. Likishajaa linasukuma kupita kiasi, shafti inapanda mno, ghala linatoka hewa, shafti inaanguka tena. Hayo yakirudiwa mara mamia kwa sekunde, mashine inanguruma na kutetemeka. Dawa yake ni kuvifanya vijishimo viwe vidogo na vyembamba, au kuviondoa kabisa na kutumia bamba la grafiti lenye vinyweleo, ambalo hewa hupenya kila mahali kwa wakati mmoja.

La pili huipata shafti iendayo kasi. Hewa iliyogusa shafti inakwenda na kasi ya shafti, iliyogusa ukuta imesimama, kwa hiyo kwa wastani utando wa hewa unazunguka kwa nusu ya kasi. Shafti inaweza kunaswa na mwendo huo ikaanza kuzunguka ndani ya nyumba yake kwa nusu ya kasi yake, huku ikijizungusha yenyewe. Ikizidishiwa kasi, mduara unapanuka ghafla na shafti inagonga ukuta. Kuongeza kompresa hakutoshi hapa, umbo ndilo linalobadilishwa. Wengine huchonga mifereji ya mshazari juu ya shafti. Wengine huigawa nyumba kuwa vipande vinavyoinama vyenyewe. Wengine huitandika nyumba kwa karatasi nyembamba ya chuma iliyokalia springi ndogo ndogo, ikabonyea na kurudi kulingana na mzigo. Beringi za aina hiyo ya mwisho zimezungushwa katika mashine za kupoza hewa ya abiria ndani ya ndege tangu enzi za ndege aina ya DC-10. Zimo pia kwenye jenereta ndogo za kampuni ya Capstone, ambazo shafti zake huzunguka hadi mara 96,000 kwa dakika bila tone la oili.

Kichwa kinachoruka juu ya diski

Mfano wa uhodari huu uliosambaa zaidi ulimwenguni umejificha ndani ya kompyuta zenye diski zinazozunguka.

Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na diski 50, kila moja na kipenyo cha sentimita 61, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Kwa ukubwa huo wote ilihifadhi herufi milioni 5 tu, zisizotosha hata wimbo mmoja mrefu kwenye simu yako. Kichwa cha kusomea kilitakiwa kikae karibu sana na diski bila kuikwaruza, kwa hiyo kilipulizwa hewa kutoka kwenye kompresa na kuelea umbali wa mikromita 20 hivi.

Kompresa ilikuwa na kelele na ilichukua nafasi. Mwaka 1961 IBM ikatangaza mashine ya 1301, ambayo vichwa vyake vilijikokotea hewa vyenyewe, vikaelea karibu zaidi. Kadiri kichwa kinavyosogea, ndivyo herufi nyingi zaidi zinavyoingia kwenye eneo lilelile. Basi mashindano yakaanza, na leo ncha ya kichwa iko nanomita chache tu kutoka kwenye diski. Nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita.

Hapo hewa yenyewe ilibadilika tabia. Katika hewa ya kawaida molekuli husafiri takriban nanomita 65 kabla ya kugongana na mwenzake. Pengo likiwa dogo kuliko safari hiyo, molekuli huzigonga kuta mara nyingi kuliko zinavyogongana zenyewe, na mlinganyo wa Reynolds unakosea usiporekebishwa. Wajapani wawili, Fukui na Kaneko, walichapisha marekebisho yanayotumika sana mwaka 1988. Tangu hapo wasanifu huchonga kwenye kompyuta tumbo la kichwa, lenye ngazi, mabonde na matuta madogo. Hujaribu maumbo kwa maelfu kabla ya kutengeneza hata kimoja, maana mkono wa fundi hauwezi kujaribu yote hayo.

Na hewa ikiwa haba? Watengenezaji wengi wa diski za kawaida, zinazopumua kupitia kitundu chenye chujio, hutaja kikomo cha takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kipo mita 5,895, na huko mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kichwa cha diski kinaweza kukosa cha kukibeba na kuikwaruza diski. Waliojenga darubini ya ALMA kwenye nyanda za juu za Chile, mita 5,000, walikutana na kikwazo hicho, na kompyuta yao kuu ya huko juu ikaundwa bila diski za kuzunguka.

Zamu yako

Sasa unaweza kusanifu beringi ya hewa wewe mwenyewe. Tafuta CD isiyotumika, kifuniko cha chupa ya maji, gundi na puto. Mwombe mtu mzima atoboe kitundu kimoja kwenye kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto. Gundisha kifuniko juu ya tundu la CD pasipoachwa upenyo. Jaza puto, sokota shingo yake, ivishe kwenye kifuniko, weka CD juu ya kigae au meza laini, kisha achia. Isukume kwa kidole uone itakavyokimbia.

CD, kifuniko na puto vina uzito wa gramu 20 hivi, na CD ina kipenyo cha sentimita 12. Gawanya uzito kwa eneo, utakuta hewa inahitaji kuongeza mgandamizo kwa paskali 17 tu kwa wastani. Hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari ina paskali zaidi ya 100,000.

Kisha anza kuuliza. Pima kwa saa CD inaelea sekunde ngapi. Ongeza kitundu cha pili, cha tatu, upime tena. Rudi kwenye kitundu kimoja, upandishe sarafu kwenye CD moja baada ya nyingine. Badilisha jambo moja tu kila mara, na uandike, la sivyo hutajua nini kimeleta nini. Utaona kwamba sarafu hazibadilishi sana muda wa kuelea, kwa kuwa kinachotawala mtiririko ni kitundu cha kifuniko. Utaona pia CD inabeba zaidi ya ulivyotarajia. Mtiririko ukiwa uleule, uzito ukiongezeka mara 8 pengo linapungua kwa nusu tu. Lakini ipeleke kwenye sakafu ya saruji yenye mikwaruzo, itakwama mapema, kwa sababu pengo limekuwa dogo kuliko vilima vya sakafu.

Ukimaliza, linganisha daftari lako na la mwenzako. CD iliyoelea muda mrefu kuliko zote huenda isiwe ile iliyobeba sarafu nyingi kuliko zote, wala ile iliyopita vizuri kwenye saruji. Msibishane ni ipi bora mpaka mmeamua kwanza ni bora kwa kazi gani. Mkishaamua hilo, toboeni.